Kigoda cha Nchagwa

Nyumbani kwa Boke kulikuwa na kigoda kisichokaliwa na mtu. Kilikuwa cha miguu mitatu, kimechongwa kwa mti mwekundu, kimewekwa mbali kidogo na mafiga ili moshi usikifikie. Kila asubuhi Robi akimaliza kufagia alikipaka samli kidogo kwa ncha za vidole, maana kilikuwa cha mume wake. Mume wake aliitwa Nchagwa, na Nchagwa hakuwahi kuzaliwa.

Jirani zao wa Kewanja hawakuona ajabu. Boke hakujaliwa mtoto wa kiume, na mjane asiye na mtoto wa kiume, mashemeji huanza kupima shamba lake kwa macho hata matanga hayajaanuliwa. Kwa hiyo Boke alitoa ng'ombe, akaoa msichana kwa jina la mtoto ambaye angemzaa kama Mungu angependa. Ndoa hiyo Wakurya huiita nyumba ntobhu. Halafu akamtafuta Heche, mwanamume mwenye wake wake na mji wake, awe anaingia kwa Robi jioni ng'ombe wakisharudi zizini. Akazaliwa Ghati, naye akaitwa binti wa Nchagwa. Boke akaendelea kungoja wa kiume.

Tangu aje akiwa msichana mwembamba kama bua, Robi hakusikia tena jina lake. Sokoni mke wa Nchagwa, kisimani mke wa Nchagwa. Jina lisiloitwa hunyauka, kama mbegu iliyosahauliwa darini juu ya jiko.

Zilpa, Mjaluo aliyeuza dagaa pale sokoni, ndiye aliyemvuta hadi kwenye kanisa la mabati. Siku hiyo mchungaji Filemoni alihubiri kwamba Mungu humwita mtu kwa jina lake mwenyewe, si la baba wala la mume. Robi aliyasikia maneno hayo, akarudi nayo nyumbani, akasonga nayo ugali. Hayakumtoka. Alipoomba ubatizo, mchungaji alimwuliza, "Dada, mume wako ni nani? Nataka nizungumze naye kwanza."

"Ni Nchagwa."

"Yuko wapi?"

"Hajazaliwa, mchungaji."

"Basi huyo hana mdomo wa kukataza," Zilpa akasema.

Mchungaji hakucheka. Alikuwa mtoto wa huko huko, aliijua mila hiyo. Akamweleza taratibu kwamba akibatizwa hataweza tena kumfungulia Heche. Robi akajibu kwamba hilo ndilo alilokuwa akiliomba, ila hakuwa amepata pa kuliombea.

Jioni Heche akaja, akagonga.

"Mke wa Nchagwa, fungua."

"Hayupo."

"Anayenijibu ni nani?"

"Ni Robi."

"Robi simjui. Mimi nimekuja kwa mke wa Nchagwa."

"Basi kakae kwenye kigoda cha mwenyewe, umngoje."

Heche akasonya, akaenda kushtaki kwa Boke.

Boke hakupiga kelele. Kesho yake alikaa kivulini mwa ghala akichambua mgagani, jani kwa jani, akasema bila kuinua macho, "Mwanangu, ulipokuja hapa nilikupaka mafuta kwa mikono yangu. Nimewahi kukupiga?"

"Hapana, mama."

"Shemeji zangu wako pale, wanachonga vigingi vya kukatia shamba langu. Bila mjukuu wa kiume, nitazikwa kama nani?"

"Nitakulimia, mama. Ukizeeka nitakuogesha. Ila Heche simfungulii tena."

Boke akalitupa jani lililoliwa na wadudu. "Ukiingia kwenye hayo maji yenu, usirudi hapa. Na mtoto ni wa Nchagwa, hatoki."

Jumamosi Robi alimsuka Ghati mistari midogo midogo, akaikawiza kazi kusudi. Aliwaza kuuacha ubatizo. Angeweza kufungua mlango, akalala na mwanawe kila siku. Lakini kizazi chake kikikataa kutoa wa kiume, mlango huo utakuja kufunguliwa na nani? Akakitazama kile kisogo chembamba cha bintiye mikononi mwake. Akafunga msuko wa mwisho.

Jumapili wakashuka mtoni, maji ya matope yakimfika kiunoni. Zilpa alikuwa amemchagulia jina la Rebeka. Mchungaji alipotaka kulitamka, Robi alimshika mkono.

"Nimekaa miaka na jina la mtu mwingine. Niite Robi. Ndilo Mungu alilonijua nalo."

Mchungaji akamzamisha kwa hilo hilo. Alipoibuka, waumini wakaliimba, Robi, Robi, naye akalia kama mtu aliyekuta kitu chake kwa jirani.

Alirudi nguo zikiwa bado zinachuruzika. Boke alikuwa ameketi chini, nje ya mlango, kichwa kimenyolewa upara, kipande cha wembe kando yake. Ghati alikuwa mapajani pake, naye amenyolewa. Mistari yote ya jana ilikuwa imelala vumbini.

"Mama, mmefiwa na nani?"

"Si mnahubiri kwamba mtu wa zamani hufa majini?" Boke alisema, macho yake mekundu kweli. "Mke wa Nchagwa amekufa leo. Sisi tunaomboleza. Wewe mgeni, pita na njia yako."

Ghati alinyanyuka, Boke akamshika kiuno. Mtoto akalia, na yule mzee akalia naye. Mashemeji wakasimama mbali wakitazama.

Robi akaishi kwenye kibanda cha Zilpa, katikati ya magunia ya dagaa. Kila alfajiri alikwenda kisimani akajificha, kwa kuwa Ghati ndiye aliyebaki kuchota maji. Mara nyingi Boke alimsindikiza. Siku moja Ghati alikuja peke yake na kidumu chake.

"Bibi anasema mama alifia mtoni," mtoto alisema. "Basi wewe ni nani?"

"Ni Robi."

"Mama yangu aliitwa mke wa Nchagwa."

Robi akapiga magoti. Akatoa kichupa cha samli ndani ya kanga, akachovya ncha za vidole, akampaka kichwani taratibu, kila mahali. Nywele zilizoanza kuota zilimchoma vidole.

"Niite Robi, mwanangu," akasema. "Nitaitika."

Mtoto hakuita. Alijitwisha kidumu chake, akapanda njia, maji yakimdondokea mgongoni.