Kaa la Moto la Rugaibula

Rugaibula alizikwa bila kengele.

Kanisa lilikuwa ng'ambo ya bonde tu, na siku ya utulivu mlio wa kengele ulifika hadi migombani kwake Rwenkende, upande wa Muleba. Waombolezaji walitega sikio hata mwili wake, uliozongwa kwa olubugo, ile nguo ya gome la mti, ulipokuwa ukiteremshwa kaburini. Kimya. Lameki, mzee wa kanisa, alikuwa amekwisha kutoa neno tangu asubuhi: marehemu amekufa akiwa ametengwa, aliyetengwa hapigiwi kengele, haimbiwi, wala mchungaji hafiki.

Kosa lake lilikuwa enanga. Rugaibula alikuwa fundi wa chombo hicho cha nyuzi, na kwenye harusi ya mtoto wa ndugu yake alikipiga, watu wakinywa rubisi, pombe ya ndizi, na kucheza, mpaka jua likazama. Wazee wa kanisa wakamwita atubu mbele ya usharika. "Nitubu nini?" aliwauliza. "Kwamba vidole vyangu vinajua kazi?" Tangu siku hiyo hakukaribishwa tena kwenye meza ya Bwana, na homa ilipomjia ikamchukua hivyo hivyo.

Pale kaburini binti yake Kokubanza alimtazama mdogo wake, Bartholomayo. Huyu alikuwa mwalimu wa shule ya misheni na kiongozi wa kwaya, na sifa zake zilifika hadi mjini Bukoba. Kokubanza alingoja aanzishe wimbo. Wimbo wowote, hata ubeti mmoja. Bartholomayo aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake. Majembe yakaanza kurudisha udongo, na hakuna aliyeimba.

Kokubanza hakulia. Wanawake waliosimama karibu naye walisikia akisaga meno.

Siku chache baadaye alikuwa akipalilia kahawa wakati wa alasiri, sauti za kwaya zikaja juu ya bonde. Walikuwa wanajiandaa kwa Krismasi. Alisimama, akashika kiuno, akasikiliza. Kisha akalitupa jembe chini.

Ulikuwa ni wimbo wa kaa la moto. Hapakuwa na mtu nchi ile asiyeujua. Mariamu amejifungua ugenini, mvua inanyesha, na Yosefu anapita mlango kwa mlango akiomba moto wa kumkanda mama mzazi. *Fungua, jirani, nipe kaa la moto. Mgeni wetu amefika na baridi ni kali.* Kila nyumba inamjibu kwamba moto umezimika, hadi mjane mmoja asiye na kitu anamfungulia. Uliimbwa kwa Kihaya. Wakatoliki wa Kashozi nao walikuwa wameuchukua, na wabebaji wa kahawa waliuimba njiani hata mwezi wa sita. Krismasi bila wimbo ule watu waliiona kama matoke bila chumvi.

Kokubanza aliujua kuliko wote, kwa sababu alikuwapo ulipozaliwa. Mwaka ule Waingereza walikuwa wameingia Bukoba na wamisionari Wajerumani wakachukuliwa, makanisa yakabaki bila wachungaji. Mama yake alishikwa na uchungu mkesha wa Krismasi, mvua ikiwa imevunja paa na kuzima jiko. Rugaibula akatoka kuomba moto kwa majirani. Wengi hawakufungua, ilikuwa vita, na mtu akibisha jioni watu walidhani ni askari. Aliporudi na kaa ndani ya kigae, mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa, naye Kokubanza, msichana mdogo, amempakata ndani ya nguo yake mwenyewe. Asubuhi, mbele ya Wakristo wachache waliokusanyika kusali peke yao, Rugaibula aliketi na enanga yake akawaimbia jambo lililompata, ila mahali pa jina lake akaweka la Yosefu.

Mtoto yule alikuwa Bartholomayo.

Kokubanza alivuka bonde na tope lake miguuni, akaingia kanisani. Bartholomayo alikuwa amesimama mbele ya wanakwaya akiwafundisha asili ya nyimbo watakazoimba, maana wageni wa Boma wangekuja kutoka Bukoba na wake zao, na yeye alitaka kila mmoja ajue anachokiimba.

"Huu wa kwanza umetoka Ujerumani," alikuwa akisema. "Huu wa pili ni wa Waingereza. Na huu wa kaa la moto nao ni wimbo wa kale wa Ulaya, uliletwa na wamisionari wa zamani, mtunzi wake hajulikani."

"Hajulikani?" Kokubanza aliuliza kutoka mlangoni.

Wanakwaya waligeuka. Kwa kawaida mwanamke wa huko alipoingia penye watu alipiga magoti akasalimia. Kokubanza alisimama wima.

"Dada, tutazungumza nyumbani," Bartholomayo alisema.

"Nyumbani wapi? Nyumbani kuna kaburi ulilolinyima wimbo. Nimekuuliza, hajulikani na nani? Wewe Kokuberwa, hujui?" Alimnyooshea kidole jirani yake, mwimbaji wa sauti ya kwanza. "Mama yako hakuwa miongoni mwa waliousikia siku ya kwanza?"

Kokuberwa alitazama sakafu. Wote walitazama sakafu, na hapo ndipo Kokubanza alipoelewa kwamba hakuna aliyesahau. Walijua, kama wanavyojua njia ya kwenda kisimani. Walikuwa wameamua tu.

Bartholomayo alimshika mkono akamtoa nje, chini ya ukingo wa paa.

"Sikiliza," alisema kwa sauti ya chini. "Wazee walipomtenga baba walitaka kuufuta na wimbo wake. Wimbo wa mtu aliyetengwa, uliotungwa kwa enanga! Mimi na Mzee Lameki tukasema umetoka Ulaya. Tuliuokoa. Huoni?"

"Mliuokoa wimbo mkamzika mwenyewe akiwa hai."

"Nina mke, ana mimba. Nikipoteza ualimu nitakula nini?"

"Kibanja cha baba kina ndizi. Zinaliwa na watu wasio walimu." Aliuvuta mkono wake. "Wimbo ule ni habari ya kuzaliwa kwako, Bartholomayo. Baba alilowa akikutafutia moto. Na wewe unasimama mbele ya watu unasema hajulikani!"

Hakungoja jibu. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa mchungaji, Mzungu mrefu aliyekuwa amekaa Rwenkende miaka michache tu na aliyekisema Kiswahili polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alimkuta barazani. Alimweleza yote. Mzungu alimsikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Kwetu mimi sijausikia wimbo huu," alikiri. "Nilipousikia hapa niliwauliza wazee, wakaniambia ni wa wamisionari walionitangulia. Nikaamini."

"Basi sasa umejua. Siku ya Krismasi mtaje baba yangu, na kengele yake ipigwe."

Mchungaji alivaa tena miwani. "Mama, kanisa lina utaratibu. Nikimheshimu aliyekataa kutubu, nitawaambia nini wale waliotubu? Na wimbo, baada ya miaka yote hii, si wa mtu tena. Ni wa Mungu."

"Ni wa Mungu," Kokubanza alirudia. "Baba yangu hafai, ila kilichotoka kinywani mwake kinafaa. Mnakula ndizi, mgomba mnauita mchawi. Haya, Bwana Mchungaji. Kama wimbo ni wa Mungu bila Rugaibula, siku hiyo mwombeni Mungu aje awaimbie."

Aliondoka bila kuaga. Kuanzia kesho yake alipita nyumba za wanakwaya, moja baada ya nyingine, mchana kweupe. Hakubembeleza. Kwa kila mmoja alisema maneno yale yale: "Unajua wimbo ni wa nani. Fungua kinywa chako kama unaweza." Wengine walimkaribisha, wengine walimfungia mlango, na Lameki alipopata habari alimtumia ujumbe kwamba naye atatengwa. Alimjibu mjumbe, "Mwambie aharakishe, nimkute baba njiani."

Asubuhi ya Krismasi kanisa lilijaa hadi madirishani. Wageni wa Boma walikalishwa mbele kwenye viti vilivyotolewa nyumbani kwa mchungaji. Wanaume walikaa kulia, wanawake kushoto, na Kokubanza alikaa mwisho wa benchi karibu na njia ya katikati. Nyimbo mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Kisha Bartholomayo akawageukia wageni. Jasho lilikuwa likimtiririka ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi.

"Sasa mtasikia wimbo wa kale kutoka Ulaya," alisema, akainua mkono.

"Mwongo!"

Kokubanza alikuwa amesimama. Hakusema neno lingine. Lameki alinyanyuka upande wa wanaume, mgeni mmoja akageuza kichwa kuuliza kuna nini, na Bartholomayo, kama mtu anayedhani kwamba akikazana jambo litapita, akaushusha mkono wake kuanzisha wimbo.

Hakuna sauti iliyotoka.

Aliinua tena. Kokuberwa, ambaye ndiye aliyepaswa kuanza, alikuwa amebana midomo, machozi yakimdondoka. Nyuma yake waimbaji wa besi walisimama kama miti. Bartholomayo aliwatazama mmoja mmoja, akatazama mkono wake uliokuwa bado hewani, na uso wake ukabadilika.

"Si wa Ulaya," alisema.

"Hawakusikii," dada yake alisema. "Sema kwa sauti. Unayo."

Alimgeukia, na kwa mara ya kwanza naye alikuwa na hasira, ingawa haikujulikana ni juu ya nani. Akapaza sauti ile iliyojulikana hadi mjini: "Si wa Ulaya! Aliutunga Rugaibula, baba yangu, kwa enanga, siku niliyozaliwa mimi. Tulimzika mwezi huu huu kama mbwa, na mimi nilikuwapo nikanyamaza!"

Palizuka kelele. Wanawake wazee walianza kusema kwa sauti yale waliyoyajua siku zote, kila mmoja akitaka ijulikane kwamba yeye alikuwapo. Na Kokubanza, badala ya kufurahi, aliwakasirikia zaidi kuliko alivyomkasirikia Lameki. Mchungaji alipiga meza kwa kiganja mpaka watu wakatulia. Akasoma Injili, akahubiri kifupi, akatoa baraka. Wimbo wa kaa la moto haukuimbwa Krismasi ile.

Baada ya ibada Bartholomayo alimfuata dada yake hadi nyumbani. Alisimama kwenye ua wa nyumba ya baba yao, kofia mkononi.

"Nimesema," alimwambia.

"Umesema leo. Maneno hayo yalikuwa na siku yake, na siku hiyo ulitazama viatu."

"Watanifukuza."

"Watakufukuza."

Walimfukuza kweli, kwanza kwenye kwaya, kisha shuleni. Kokubanza hakumwambia pole, wala hakumwambia umefanya vema. Alimpa jembe na kumwonyesha upande wa kibanja uliokuwa umemea majani. Mkewe alipojifungua ni Kokubanza aliyemkanda na kumpikia, na kwa muda mrefu hakuzungumza na Bartholomayo zaidi ya mambo ya kazi.

Mwaka uliofuata, Krismasi ilipokaribia, Lameki alivuka bonde na wazee wengine wawili. Kwaya mpya ilikuwa imejaribu nyimbo nyingine na watu walikuwa wakinung'unika waziwazi. Wengine walitishia kwenda kusikiliza Krismasi Kashozi kwa Wakatoliki.

"Tumekuja kuuomba wimbo," Lameki alisema, kwa shida.

"Mtamtaja?"

"Tutamtaja. Jina lake na la baba yake. Enanga isiingie kanisani, lakini jina tutalitaja."

Kokubanza aliwaweka wamesimama kwa muda kabla ya kukubali. Siku ilipofika alikwenda na Bartholomayo, wakaketi kila mtu upande wake. Lameki alisimama akasema, "Wimbo huu ulitungwa na ndugu yetu Rugaibula, mwana wa Kaijage, wa hapa Rwenkende." Watu wakatikisa vichwa kwa furaha. Kisha akaongeza, kwa upole, kana kwamba anatoa zawadi, "ambaye alitubu kabla ya kufa kwake."

"Hakutubu!" Kokubanza alisema.

Kwaya ikaanza, ikaifunika sauti yake.

Mwaka mwingine ilikuwa hivyo hivyo. Lameki alipokufa mwingine aliyapokea maneno yale jinsi yalivyo, na baada yake mwingine tena, vijana ambao hawakumjua Rugaibula kabisa na walioamini kwamba wanamtendea wema. Kila mara walipofika pale pa kutubu, mwanamke mmoja upande wa kushoto alisema "Hakutubu!" kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. Watoto walidhani ni sehemu ya ibada. Wengine walicheka. Bartholomayo hakucheka. Mwaka mmoja, mvi zikiwa zimekwisha kumwingia, alisimama upande wa wanaume akasema naye, "Hakutubu," na wakatazamana kati ya vichwa vya watu.

Ndipo kwaya ikaanza, na Kokubanza akaimba. Aliimba bado ana hasira, mishipa ya shingo imemsimama, kwa sauti kubwa kuliko wote.