Kitanda cha Shomari

Mwaka ule wa hamsini na saba, homa ya mafua ilipoingia upande wetu wa Mbagala, gari la wagonjwa lilikuwa moja tu, na dereva wake alikuwa kalala kwa homa hiyohiyo. Albano, dresa wa zahanati, alinieleza wazi: kifua cha mume wangu Shomari kimejaa, na asipofika hospitali ya mjini kabla ya alasiri, sina mume tena. Nikamwambia tutambeba.

Basi tukamtoa Shomari na kitanda chake cha kamba, Albano mbele, kaka yangu Hija nyuma, mimi nikishikilia ubavuni. Wanaume mtaani walikuwa tele, ila kila niliyemwomba alikumbuka ghafla kazi aliyoiacha. Waliokaa vibarazani waliinuka wakafunga milango. Mie si mwanamke wa kubembeleza, nikaacha kuomba.

Tulipofika Mtoni, Albano alikuwa anayumba. Jua lilikuwa kali, nikamfunika Shomari kanga mpaka usoni. Sikuwa na hila yoyote, Mungu ni shahidi. Papo hapo mnywa kahawa mmoja akaweka kikombe chini, akaja mbio, akampokea Albano. Mwingine akampokea Hija. Kufumba na kufumbua kitanda kiko mabegani mwa wanaume wanne nisiowajua, na wengine wanagombea zamu, maana nani hataki thawabu za kumsindikiza maiti? Wakaanza kuleta La ilaha illa Llah, na mwendo ukawa wa kasi, kwa kuwa maiti hacheleweshwi.

Albano alinitazama. Nikatazama mbele, nikaongeza mwendo.

Tulikwenda hivyo mpaka njia panda ya Keko. Hapo mzee mmoja wa mbele aligeuka akaniona bado nafuata. Kwetu mwanamke haendi makaburini. Akaniambia kwa upole nirudi nyumbani, kisha akauliza kaburi limechimbwa wapi.

"Shikamoo, baba," nikasema. "Halijachimbwa. Yu hai, ana mafua. Tunakwenda hospitali."

Kitanda kikasimama. Shomari akakohoa chini ya kanga, na vijana wawili wa nyuma wakaachia. Nilikidaka kwa bega langu mwenyewe.

"Maiti wa mafua mmemkimbilia," nikawaambia, "mgonjwa wa mafua mnamkimbia. Basi kaeni hapa mngoje afe, nije niwaite."

Mzee alifungua kilemba chake, akajifunga puani, akaweka bega upya, akawaambia wenzake kwamba mgonjwa naye hacheleweshwi. Wale vijana wakarudi, macho chini. Walikwenda kasi kuliko mwanzo, mpaka Albano na Hija wakaachwa nyuma.

Adhana ya alasiri ilitukuta tumeshaingia hospitali. Shomari alilazwa siku tisa, akapona. Siku aliyopata sauti nilimuuliza anakumbuka nini cha njiani.

"Nilijua nimekufa," akasema. "Maana sijapata kubebwa na watu wengi vile."