Ufunguo wa Pili

Bei ndiyo iliyomtia Sietske wasiwasi. Baiskeli nyeusi ya zamani, imetangazwa mtandaoni kwa bei nafuu mno! Amsterdam nzima inajua kwamba baiskeli ya wizi haikosi bei nzuri. Hukosa ufunguo wa pili wa kufuli, ule unaobaki kwa mwenyewe.

Mzee Wubbo, mwenye kuuza, alipofungua mlango, Sietske hata salamu hakuimaliza. "Funguo za kufuli zipo mbili, Mzee?"

Mzee akamkazia macho. "Wenzako huanza na breki. Wewe funguo za nini?"

"Nimeibiwa baiskeli mpaka nimechoka! Sitaki kununua machozi ya mtu."

Mzee akashusha pumzi, akatoa mfukoni funguo mbili zilizofungwa pamoja kwa uzi mwekundu uliochakaa. "Ni za marehemu mke wangu. Chukua, binti. Na breki ni nzima, maana naona huulizi."

Moyo wa Sietske ukatua. Akalipa, akapanda, akaipiga kengele kwa raha zake. Ndipo alipomwona jirani dirishani, amemwelekezea simu.

"Na yule je, Mzee?"

"Aa, nilimwomba kabla hujafika akupige picha, maana wezi nao hujifanya wanunuzi. Nilidhani mwizi ni wewe."