Kinywa cha Saa Kumi

Mshonaji alikuwa na mjukuu wa miezi mitatu ambaye alikuwa amempakata mara moja tu, tena ngazini. Binti yake aliishi mji mwingine, ghorofa ya tano, katika jengo lisilo na lifti. Na siku mshonaji alipokwenda kumwona mzazi, magoti yake yaligoma kwenye ghorofa ya pili kama punda aliyekataa mzigo. Ikabidi mkwe wake amshushe mtoto akiwa amefungwa shali, na bibi akampakata pale pale kidatoni, huku majirani wakimpita na ndoo zao, wakisema, "Samahani, mama, samahani." Haukupita muda, mtoto akalizwa na upepo wa ngazini, akarudishwa juu. Alikuwa amezaliwa kabla ya siku zake, na safari ndefu alikatazwa. Kwa hiyo asiyeweza kuletewa mjukuu hana budi kumfuata. Mshonaji alirudi kwake na harufu ya shali kiganjani, na chumba cha binti yake hakukitia machoni.

Daktari hakumzungusha. "Mama, magoti hayajaharibika. Yamechoka kubeba. Toa kilo kumi, utapanda mwenyewe. Usipozitoa, mwakani hata kizingiti cha mlango wako kitakuwa mlima."

Basi akaanza. Sukari akaipa talaka. Sahani yake ya mchana ikawa nusu, ya jioni robo. Hata hivyo, wiki ya sita mizani ilimwonyesha uzito ule ule, ukiondoa gramu chache ambazo wifi yake alidai kuwa ni za hereni alizovua.

"Mimi nakula kama ndege," alilalamika.

"Ndege gani, wifi? Mbuni?"

Wifi huyo alikuwa dada wa marehemu mumewe, mjane kama yeye, na waliishi pamoja tangu nyumba ya kila mmoja ilipobaki na mtu mmoja. Alikuwa mwembamba kama uzi, na ulimi wake haukuwahi kulala na njaa. Kutwa alikaa chumba cha kushonea akitia vifungo na kukunja mapindo, ili cherehani isinung'unike peke yake.

Siku moja gauni la bibi harusi lilikuwa mezani, satini nyeupe isiyosamehe hata pumzi. Mshonaji aligeuza ubavu wa kushoto, akaona doa: dogo, la mafuta, lenye umbo la kidole gumba.

"Wifi, umeshika gauni la watu kwa mikono ya jikoni."

"Mimi? Leo jikoni sijaingia hata kuchota maji."

"Basi ni jini."

"Jini hali karanga. Nusa."

Alinusa. Zilikuwa karanga. Wifi akatandaza kidole gumba chake juu ya doa, nacho kikaelea pale kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba. Kisha akauchukua mkono wa mshonaji na kuushusha taratibu. Kidole kikalijaza doa, hakikupungua wala kuzidi.

Mshonaji alivuta droo ya cherehani. Katikati ya vibiringo vya uzi na visanduku vya sindano mlikuwa na maganda mekundu ya karanga, mepesi kama vumbi, mengi kiasi cha kuzika pini. Mfuko ulionunuliwa kwa ajili ya wageni ulikuwa umekunjamana kwenye kona, mtupu. Alijaribu kukumbuka ladha ya punje hata moja, akashindwa. Wala hakuwa amesema uongo alipojisifia kula kama ndege. Mkono wake ulikuwa umekula, yeye hakualikwa.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu nihamie humu, mwanao alipoondoka. Nilidhani unajua. Nikasema, nikikutajia utaniambia nakuhesabia matonge."

Alifumua ubavu ule wa gauni, akakata mwingine, akashona mpaka kitambaa kipya kikakaa mahali pake.

Kesho yake hakuapa kuacha karanga, kwa kuwa alijua viapo vya namna hiyo huvunjika kabla ya kukauka. Alijiwekea sharti moja tu: hakuna kula kwenye cherehani. Akitaka kutafuna, asimamishe mashine, anawe mikono, aende meza ya chakula, amimine kwenye kisahani, akae, ale akikitazama anachokila.

Siku hiyo aliinuka mara saba. Mara sita alifika mezani akakuta hana njaa, akarudi akijicheka. Mara ya saba njaa haikumwacha. Akamimina karanga za mfuko mpya, akakaa kitako mbele ya kisahani, akainua macho kwenye saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi kamili.

Saa kumi ndiyo binti yake alikuwa akirudi kutoka shule. Kwa miaka zaidi ya kumi alivua viatu mlangoni, akakalia ukingo wa dirisha karibu na cherehani, akawa anamenya karanga na kusimulia: mwalimu gani amekosea hesabu ubaoni, nani amenuniana na nani, nani amekutwa amelala darasani akikoroma. Mama, mikono miwili ikiwa kitambaani na macho yakiwa kwenye mshono, alifungua kinywa tu, na binti akamtia punje. Hakuna aliyeomba, hakuna aliyeshukuru. Baadaye binti alikua, akaenda chuo, akaolewa. Kinywa hakikupewa taarifa.

"Namtaka mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwonyesha daktari mahali panapouma.

Kwa mara ya kwanza wifi hakuwa na utani. "Mpigie basi."

Akapiga. Binti alipokea akihema. "Mama, namwogesha huyu. Nikupigie baadaye kidogo?"

"Haya, mwanangu. Usimwache majini."

Baadaye hiyo haikufika siku ile. Karanga zilikuwa hapa, binti alikuwa kule. Mshonaji alikaa na hamu yake, akaiacha iume, maana sasa aliijua kwa jina. Kisha akazirudisha karanga mfukoni, akaenda kutia uzi kwenye sindano, na mara mbili uzi ukakosa tundu.

Isidhaniwe kwamba mambo yalinyooka kama rula. Kuna siku binti alipokea, wakaongea mpaka simu ikapata moto sikioni. Kuna siku hakupokea, na mshonaji akamaliza pakiti nzima ya biskuti pale mezani, amekaa, anajiona. Kujiona kulimchoma kuliko maneno ya wifi, na kesho yake akaanza upya. Baada ya miezi mitano zilikuwa zimetoka kilo saba.

"Daktari alisema kumi," wifi alimkumbusha, alipomwona anapanga nguo kwenye begi.

"Mtoto ameota meno mawili, wifi. Hasubiri kilo hizo tatu."

Ghorofa ya pili aliipita bila kuitazama. Ya tatu alishika ukuta. Ya nne magoti yalianza kunong'ona, naye, kwa kuwa alikuwa amejifunza kuyasikiliza, akakaa kidatoni kuyapumzisha. Juu yake mlango ukafunguliwa.

"Mama? Umefika wapi?"

"Niko hapa chini yako."

"Ngoja hapo hapo. Namleta mtoto." Ndala zikaanza kushuka, pamoja na sauti ndogo iliyokuwa ikibwabwaja mambo yake.

"Rudi naye ndani."

"Mama, mbona unajitesa? Ni hatua chache tu, nakufikia."

"Ndiyo maana. Rudi ndani, mwanangu, ufunge mlango. Nataka nibishe hodi."

Ndala zikasimama, zikasita, zikarudi. Mlango ukafungwa polepole. Mshonaji akashika chuma cha ngazi, akanyanyuka. Vilikuwa vimebaki vidato kumi na sita.