Kilonzo Anarudi Voi

Siku Nthenya aliponunua raba, soko zima la Voi lilipata habari kabla hajafika kwenye kibanda chake. Mama aliyeuza ndengu na mbaazi akiwa na patipati miguuni miaka yote hiyo, raba za nini? Everlyne, jirani yake wa kibanda, Mtaita wa Sagalla mwenye mdomo usiochoka, ndiye aliyewajibu. Alisema Mama Nthambi, kama alivyozoea kumwita Nthenya, anaenda kutembea kando ya mto, na anayetaka kucheka acheke sasa, maana akirudi hatapata nafasi.

Njia yenyewe ilikuwa mpya. Watu wa vijiji vya kando ya Mto Voi walikuwa wameifyeka na kuitia alama za rangi nyeupe, kutoka milima ya Taita, kushuka Mwatate, kupita Mraru hadi mjini. Ilifuata mto, na hapa na pale ikakutana na mabaki ya reli ya zamani, ile iliyojengwa Waingereza walipokuwa wakipigana na Wajerumani upande wa Taveta. Wengi waliojiandikisha kwa matembezi ya kwanza walitaka picha na mazoezi. Nthenya alikuwa na shughuli nyingine.

Babu yake, Kilonzo wa Muasya, Mkamba wa Kitui, alichukuliwa wakati wa vita hivyo kubeba mizigo ya jeshi. Mwenzake aliyerudi Kitui alileta habari moja tu: Kilonzo aliugua, akaachiliwa pale Mwatate ajikokote mwenyewe hadi Voi, apande gari moshi aende kwao. Hakufika. Hakuna aliyejua alianguka wapi, na mama yake Nthenya alizeeka akisema baba bado yuko njiani. Maneno hayo yalimkaa Nthenya moyoni kuliko mahubiri yote aliyowahi kusikia. Alitaka kutoka Mwatate hadi stesheni ya Voi kwa miguu yake, bila kupanda chochote, ammalizie mzee safari.

Kikwazo kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa na miguu miwili. Kiongozi wa matembezi alikuwa Kiema, mume wa binti yake Nthambi. Kwa desturi ya Wakamba wa zamani, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawagusani, wala hawasemezani ovyo; wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Siku hizi wengi wamelegeza, wanakumbatiana hata mbele ya kamera. Nthenya hakulegeza. Tangu Kiema alete mbuzi wa mahari hadi mtoto wake Kasiva akaanza shule, hawakuwahi kusemezana ana kwa ana, na wote wawili walijivunia heshima hiyo. Sasa wawekwe kwenye njia nyembamba, miiba kushoto, mto kulia, uone watakavyofanya.

Walifanya hivi: Kiema alitangulia mbele kabisa, shingo imenyooka, na Nthenya akakaa nyuma kabisa. Everlyne, aliyekuja kumsindikiza rafiki yake, akapanda na kushuka msafara akibeba maneno.

"Mwambie mama hapa kuna mteremko."

"Mama Nthambi, kuna mteremko."

"Mwambie nimeuona, niko juu yake."

Kufikia adhuhuri Everlyne alilalamika kwamba hata posta hufungwa Jumapili.

Walipita mashamba ya mkonge ya Mwatate, wakafika kwenye tuta la reli ya zamani. Kiema akawaeleza wageni jinsi ilivyojengwa kwa haraka, na wao wakapigana picha. Nthenya aliinama akagusa udongo. Alijiuliza ni kichaka kipi kilichompa Kilonzo kivuli, na kama alikuwa na mtu wa kumpa maji. Kisha akainuka, akaendelea kutembea.

Usiku walilala kwenye jumba la kanisa Mraru. Mvua ilinyesha milimani, na asubuhi mto, ambao hapo huwa ni mchanga mtupu wa kuvukwa na mbuzi, ulikuwa na maji ya rangi ya chai. Kiema aliingia na mti mrefu akayapima. Akasema wenye nguvu watavuka, wengine wataenda kwa barabara na kuwangojea mjini.

"Mwambie mama bodaboda iko tayari."

"Mwambie sipandi."

"Mwambie maji yanafika mapajani."

"Mwambie mapaja ninayo."

Watu walicheka. Kiema hakucheka. Alisema, mgongo ukiwa bado umewaelekea, kwamba maji yakimbeba mama, yeye ndiye atakayemjibu Nthambi. Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililomkasirisha Nthenya zaidi.

"Mwambie babu yangu aliachwa njia hii hii na watu waliokuwa na haraka," alisema. "Mimi siachwi."

Everlyne hakuyapeleka maneno hayo. Yalikuwa yamefika yenyewe. Bila kugeuka, Kiema akanyoosha ule mti nyuma yake. Nthenya akashika ncha.

Wakaingia hivyo, yeye mbele, mama mkwe nyuma, mti katikati ukilinda adabu. Katikati ya mto mchanga ukadidimia. Mguu wa Nthenya ukazama, raba moja ikang'oka ikaenda zake, maji yakampanda kiunoni na mti ukamponyoka. Kiema aliendelea kusonga. Mti aliuhisi umekuwa mwepesi akadhani mama amepata nafuu, na heshima haikumruhusu kuangalia nyuma. Ng'amboni walikotoka Everlyne alipiga kelele, lakini mto ulikuwa na kelele zaidi.

Nthenya alihofu, hofu ya kweli. Kisha akaita.

"Kiema! Geuka!"

Kiema akageuka. Alimtazama usoni, akarudi kwa hatua ndefu, akamshika mikono yote miwili, na hakumwachia mpaka wakakanyaga nchi kavu.

Walisimama pale wakichuruzika maji, hakuna aliyejua aweke wapi macho. Nthenya ndiye aliyethubutu kwanza. Aliona nyusi za Kiema, nene, zimekaribia kukutana, na akatambua kwamba ndizo nyusi za Kasiva. Miaka yote alikuwa amewaambia watu mtoto amezirithi kwao Kitui. Alivua raba iliyobaki akaitupa kichakani, akatangulia kwa miguu mitupu, na Everlyne, aliyevushwa na wengine, akaililia ile raba hadi karibu na mjini.

Matembezi yaliishia kwenye makaburi ya wanajeshi wa vita vile, mawe meupe yamepangwa safi, kila jiwe na jina lake. Wakapeana soda na kupigiana makofi. Nthenya aliyapitia mawe yote polepole. Jina la mbeba mizigo wake halikuwepo, wala hakulitarajia.

"Mimi bado sijafika," alisema, akashika njia ya stesheni ya zamani.

Kiema alimfuata. Safari hii alitembea ubavuni pake. Wengine nao wakaacha soda wakaja, na walipokatiza mjini wanawake wa soko wakafunika vibanda vyao wakajiunga, hata wale waliocheka. Nthenya alipanda jukwaa la stesheni akiacha nyayo za tope, akasimama ukingoni mwa reli.

"Kilonzo wa Muasya," aliita kwa sauti ya sokoni, "hapa ni Voi. Umefika."

Vigelegele vikalipuka. Nthenya alilia na kucheka pamoja, na hakujali nani anamwona, kwa sababu hakuwahi kuwa na furaha kubwa hivyo.

Kiema alikohoa kidogo. "Everlyne, mwambie mama..."

"Posta imefungwa," Everlyne akasema.

Nthenya akajifuta uso kwa leso, akamgeukia mkwewe. "Baba Kasiva, niambie mwenyewe."

Kiema alitazama chini, kisha akainua macho.

"Mama, mzee ametembea sana na hajala. Twende naye nyumbani."