Kochi la Redio

Kochi lilikwama mlangoni kama mfupa kooni. Nusu yake ilikuwa imeshaingia chumbani, nusu nyingine ilibaki barazani ikipigwa na jua la asubuhi. Mwenye kochi, jirani wa ukuta kwa ukuta ambaye mtaa mzima ulimwita Redio kwa kuwa hakuumbwa na kitufe cha kuzimia, alikuwa amebanwa upande wa ndani, akitoa amri.

"Nyanyua mguu, mama Chiriku! Mguu! Si wako, wa kochi!"

Mama Chiriku hakucheka. Siku nyingine angecheka mpaka ashike mbavu, lakini leo ulimi wake ulikuwa mkavu kama kitambaa kilichopigwa pasi. Kabla ya adhuhuri angefika afisa wa ustawi wa jamii, amemshika Chiriku mkono. Angekitazama chumba, angemtazama mama, kisha angekwenda kuwaambia wenzake kama mtoto arudi nyumbani au aendelee kukaa makao ya watoto. Neno la mtu mmoja tu, na roho mbili zimening'inia hapo kama nguo mbichi kwenye kamba.

Walisukuma, wakavuta, kochi likaingia kwa kishindo. Likafuatwa na zulia la mwalimu wa nyumba ya pili, pazia la maua, na kabati la vioo ambalo seremala alilileta mwenyewe na kuapa kwamba atakayelikwaruza hatamsamehe duniani wala ahera. Chumba kikapendeza. Kikapendeza hadi mwenyewe akaona haya kukanyaga ndani.

"Bado hiyo," Redio akasema, akielekeza kidevu pembeni, kwenye cherehani.

"Hiyo ina nini?"

"Itoke, ikakae kwangu. Mwanangu, watu wa ustawi wakiona sindano, mkasi na mtoto mdogo chumba kimoja, umekwisha. Wao wanataka kuona kochi. Mwenye kochi hana shida."

"Ndiyo kazi yangu hiyo. Ndiyo inayotulisha."

"Kwani nimesema uitupe? Leo tu."

Mama Chiriku alimtazama jirani yake, jasho linamchuruzika, mtandio umemwangukia shingoni. Mwanamke huyuhuyu ndiye aliyewapigia simu watu wa ustawi. Hakuwahi kuficha; alipoulizwa alisema ndiyo, ni mimi, na nitapiga tena. Ilikuwa baada ya baba yake Chiriku kufariki, pale uzito usio na jina ulipomlalia mama kifuani, akawa anayasikia mapambazuko kwa mbali kama kelele za mtaa mwingine. Hakuwa na homa, hakuwa na jeraha. Alikuwa hawezi kuamka, basi. Siku moja Chiriku akakutwa sokoni peke yake, pekupeku, anawashika watu nguo na kuwauliza kama yupo anayejua kumwamsha mama yake.

Hilo swali ndilo lililomfanya Redio anyanyue simu. Na hilo swali ndilo ambalo mama, baada ya kutibiwa na kurudi kwenye miguu yake, hakuweza kulitoa masikioni. Alipokea msaada wa Redio kama anayepokea kikombe cha moto: kwa ncha za vidole.

"Haya, shika upande huo," akasema hatimaye. Wakaibeba cherehani, wakaitoa.

*

Walifika jua likiwa limekaribia utosi. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vimejaa vumbi, mkoba begani. Kando yake alisimama mtoto ambaye mama alimtambua kwa macho yake tu, kwa sababu vingine vyote vilikuwa vimerefuka. Nywele zilikuwa zimesukwa na mikono ya mtu mwingine. Soksi zilikuwa nyeupe.

Alikuwa akiitwa Chiriku tangu alipoanza kutamka, maana alikuwa hamalizi sentensi moja kabla hajaanza ya pili. Sasa alisimama kimya, vidole vimenasa kwenye kamba ya mkoba wa afisa.

Mama akapiga magoti, akafungua mikono.

"Shikamoo," Chiriku akasema, kwa adabu ya mtoto aliyefunzwa kusalimia wageni.

"Marahaba, mama yangu. Marahaba. Karibu nyumbani."

Mtoto akachungulia juu ya bega la mama yake. Akalitazama kochi, zulia, kabati lililokuwa likimeta kama jino la dhahabu. Akarudi nyuma hatua.

"Anti," akamnong'oneza afisa, lakini kwa sauti ya wazi kabisa, "tumekosea mlango. Hapa siyo kwetu."

Mama akajilazimisha kucheka. "Watoto bwana! Nimebadilisha vitu kidogo tu, afisa. Karibuni, karibuni ndani."

Afisa alikaa ukingoni mwa kochi, mwingi wa kusikiliza kuliko wa kusema. Chiriku alikataa kukaa. Alibaki kwenye kizingiti, kiatu kimoja ndani, kimoja nje.

"Atakuwa analala wapi?"

"Hapohapo ulipokaa. Ni laini sana."

"Kochi zuri. Umekaa nalo muda?"

"Tangu zamani." Neno lilimtoka kabla hajalipima.

"Hatukuwa na kochi," Chiriku akasema kule mlangoni.

Nje, ndoo iligonga sakafu, na mama akajua ni nani aliyekuwa karibu mno na dirisha. Alihisi masikio yake yakiwaka moto. Alitaka kuongeza uwongo wa pili ili uushikie wa kwanza, kama mtu anayetia kiraka juu ya kiraka, lakini kila alilolitafuta lilikuwa na mwenyewe, kama zulia, kama pazia.

Afisa hakuandika kitu. Aliuweka mkoba magotini, akasema polepole, "Mama, nilishawahi kumrudisha mtoto kwenye nyumba yenye makochi mawili. Mwezi haukuisha nikaenda kumchukua tena."

Hakueleza zaidi. Chiriku akamvuta mkono. "Anti, twende. Mama atatutafuta kule kwetu, hatatukuta."

Hapo ndipo kitu kilipokatika. Mama aliona jambo ambalo usiku wote wa kujiandaa hakuliona: mwanawe alikuwa njiani anarudi nyumbani, na aliyeihamisha nyumba ni yeye mwenyewe. Ule uzito wa zamani ukapapasa mlango wa kifua chake, ukitafuta pa kuingilia. *Kaa chini*, ukamwambia. *Wape mtoto, waende naye. Wanajua kusuka nywele kuliko wewe.*

Akasimama.

"Jirani!" akaita. "Njoo ulichukue kochi lako!"

"Kochi gani?" sauti ya Redio ikajibu upesi mno, chini ya dirisha. "Mimi sina kochi! Mimi napita tu!"

"Njoo, dada. Yamekwisha."

Redio akaingia kichwa chini, ndoo tupu mkononi. Aliliona jicho la afisa, akalikwepa. "Wazo lilikuwa langu," akasema. "Kama kuna dhambi, iandike kwangu. Yeye alikuwa hataki."

"Nilitaka," mama akasema. "Nilitaka sana. Shika huko."

Kochi halikukosa kukwama. Walivuta, wakasukuma, wakatupiana lawama, kisha afisa akaweka mkoba chini, akakunja mikono ya shati. "Liinamisheni. Mguu wa nyuma utangulie." Likatoka kama maji.

"Kumbe afisa ni mpagazi!" Redio akaropoka, akajiziba mdomo. Lakini afisa alikuwa anatabasamu, kidogo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mama akavuta pumzi mpaka chini.

Zulia, pazia na kabati vikafuata, na walipoirudisha cherehani pembeni pake, chumba kikabaki kama kilivyokuwa: kitanda, mkeka, sanduku la bati, kikapu cha vitambaa na, chini ya cherehani, rundo la mabaki. Ukuta uliokuwa nyuma ya kabati la seremala ulikuwa na michoro ya makaa, ya watu wenye miguu mirefu isiyo na viatu. Mama alisikia aibu ikimpanda, akaiacha ipande.

Akakaa kwenye kigoda chake, akaweka miguu kwenye kanyagio. Hakuwa na cha kushona. Alichukua tu kipande cha kitambaa kikapuni, akakipitisha chini ya sindano, na gurudumu likaanza kuimba ule wimbo wake wa kukwaruza.

Kiatu cha nje kikaingia ndani.

Chiriku alitembea ukuta hadi ukuta, kama paka anayekagua. Aligusa sanduku. Aligusa mtu mmoja wa makaa. Kisha akainama, akajipenyeza chini ya meza ya cherehani, mahali alipokuwa akichezea, na wakati mwingine kulala, juu ya mabaki ya vitambaa. Sasa magoti yake yaligonga mbao, ilimbidi ajikunje. Mkono mdogo ukakaa juu ya mguu wa mama, ukaenda nao, juu na chini, juu na chini.

"Mama," sauti ikatoka chini ya meza. "Umeamka?"

Mguu ukasimama. Mama aliitazama sindano hadi ikawa mbili.

"Nimeamka, Chiriku."

"Sasa hivi?"

"Muda kidogo. Nilikuwa nakusubiri."

"Mimi nilitafuta mtu wa kukuamsha. Wote walisema hawajui. Mmoja alinipa ndizi. Nikakuwekea nusu lakini ikawa nyeusi, halafu Anti akaja na gari, halafu kule makao kuna paka hana mkia, halafu..."

Na akaendelea. Redio aligeuka ukutani, akafuta jicho kwa ncha ya mtandio, akidai kuna vumbi.

Afisa alisubiri mpaka hadithi ya paka ilipofika mwisho, kisha akamwita mama barazani. Jua lilikuwa limeshaanza kuinama. "Nikuulize jambo moja, na usinipe jibu la kochi. Ule ugonjwa ukirudi?"

Jibu lilikuwepo tayari. Redio alimkaririsha tangu alfajiri. *Hautarudi, afisa, nimepona kabisa.* Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Mama alijua pia kwamba jibu jingine lingeweza kumnyang'anya mtoto, mchana kweupe, macho yake yakitazama.

"Sijui," akasema. "Kliniki naenda, dawa nameza. Lakini siwezi kukuapia. Kuna asubuhi naamka nauhisi ugonjwa umekaa kitandani pembeni yangu."

"Na kuamka kukikushinda?"

Akafikiri. Akageuka, akautazama ukuta mwembamba uliotenganisha chumba chake na cha jirani, ukuta ambao kwa miaka aliulaani kwa kuwa haukuzuia hata kikohozi.

"Nitagonga ukuta," akasema.

"Nitasikia!" Redio akadakia kutoka ndani. "Mimi nasikia kila kitu!"

"Hilo nimeliona," afisa akasema.

Hakuahidi. Alieleza kwamba leo mtoto lazima arudi naye, kwamba wenzake watakaa kikao wiki ijayo, kwamba yeye atasema alichokiona, chote, na kochi pia. Mama aliitikia kwa kichwa kila neno kama anayepokea vipimo vya nguo ngumu. Chiriku alitolewa chini ya meza kwa kubembelezwa, kitambaa cha rangi ya machungwa kimefumbatwa ngumini. Akakumbatiwa, na safari hii akakumbatia.

"Mama, tukija tena cherehani isitoke."

"Haitoki."

"Na lile kochi lisije."

"Halina hata nguvu za kuja," Redio akasema. "Limechoka kuliko mimi."

Walikwenda. Soksi nyeupe zilikata kona, na mtaa ukarudi kuwa mtaa.

Mama akaingia ndani, akafunga mlango, akakaa kitandani. Alasiri ilikuwa imejaa dirishani, na chumba kilikuwa kikubwa kuliko asubuhi. Chini ya cherehani vitambaa vilikuwa bado na shimo la umbo la mtoto. Alilitazama. Akauhisi ule uzito ukija, bila haraka, kama mgeni anayejua njia, ukakaa pembeni yake na kumwegemea.

Mkono wake ulikuwa mzito kuunyanyua. Aliunyanyua hivyohivyo. Akagonga ukuta.

Upande wa pili sufuria iliwekwa chini, na kandambili zikaanza kuburuzika kuelekea mlangoni.