Alama Iliyopotea Katika Mchoro wa Arobaini na Moja

Makala yetu ilitoka jaridani Alhamisi na idara nzima ya fizikia hapa Uppsala, Sweden, ikala keki, kama desturi. Jumatatu nikaona kosa.

Mimi si mwanafizikia. Kompyuta nilijifunza peke yangu, na kwa miaka kumi na tisa nimeendesha mahesabu ya Profesa Ragnhild Ekhammar. Maisha yake yote alifuata jambo moja: chukua hesabu za kugongana kwa chembe zinazoshika kiini cha atomu, zipange sawasawa, zidishe kila moja kwa yenyewe, nawe utapata hesabu za mvutano, ile nguvu inayoangusha vitu chini. Kila mgongano una mchoro wake, na kuzipanga sawasawa maana yake kila fungu la michoro mitatu likijumlishwa litoe sifuri.

Mchoro wa arobaini na moja ulikuwa umepoteza alama ya kutoa. Tulikagua upande wa mvutano peke yake, na huko hasi kwa hasi ni chanya, kwa hiyo kosa lilipita. Niliporudisha alama, mafungu sita yenye mchoro huo yalikataa kutoa sifuri.

Nilimwonyesha Eskil, aliyeandika makala hiyo pamoja na Ragnhild.

“Mzee, daktari kasema Ragnhild hafiki Ijumaa,” akasema. “Mwache afe na ushindi wake.”

Sikuwa na hakika kwamba amekosea. Tukaenda hospitali pamoja.

Ragnhild alikuwa amekonda, amebaki macho tu. “Haya, walaji wa keki. Watu wanasemaje?”

“Wanashangilia,” Eskil akajibu.

“Na wewe, Sixten? Mbona umesimama kama mwizi wa baiskeli?” Akanitazama. “Umeona kosa. Mlikagua upande gani?”

“Wa mvutano tu.”

Alifumba macho. Alielewa kabla sijaeleza.

“Mafungu mangapi yamevunjika?”

“Sita.”

“Basi hakuna kitu hapo.”

Eskil akatoka bila kuniangalia.

“Si ungenyamaza tu,” Ragnhild akasema taratibu. “Siku tatu. Ungepungukiwa nini?”

“Nilidhani ungetaka kujua.”

“Nilipokuwa mzima, ndiyo.”

Akaniambia nifungue kompyuta. Tuliandika sentensi moja ya kuiondoa makala. Akabadilisha neno “kasoro” akaweka “kosa”, nikaituma kwa jarida. Akageukia ukutani.

Alikufa Jumatano jioni. Kabla ya hapo nilikwenda tena mara mbili, na mara zote mbili muuguzi aliniambia kwa upole kwamba hataki wageni.